Siku Niliyogeuza Baiskeli

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, nakumbuka vizuri, mwanangu, nilikuwa nimechuchumaa mbele ya kibanda changu pale Macalder nikikaza nati za gurudumu la nyuma, na mvua ilikuwa bado haijaanza. Nataja saa kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi, ya kwanza maishani mwangu, na siku ile niliitazama kuliko nilivyotazama barabara. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kazi yangu ilikuwa ufundi wa baiskeli. Sikufundishwa na mtu. Niliisoma katika kitabu chakavu cha picha nilichonunua sokoni, nikaimalizia kwa kufungua na kufunga baiskeli za wachimba dhahabu mpaka nikazielewa. Kazini nilikuwa mtu wa utaratibu, kila spana mahali pake. Nje ya kazi sikuweza kutulia dakika tano.

Siku hizi mna simu. Ukitaka kujua mwenzako yuko wapi na anaongea na nani, unabonyeza, unajibiwa, au hujibiwi na hapo pia umepata jibu. Wakati wetu mtu akiwa ng'ambo ya mpaka ulibaki na kichwa chako tu, na kichwa cha kijana anayependa si mahali pazuri pa kukaa peke yako.

Niliyempenda aliitwa Adhiambo. Kwao kulikuwa vilimani, upande wa Tanzania, huko Tarime, kwa Wajaluo wenzetu ambao mpaka uliwaacha upande wa pili. Alikuwa akivuka na ndizi kuja kuuza kwenye soko letu. Aliyetukutanisha ni Shangazi Penina, dada ya baba yangu, ambaye alikuwa akipeleka omena, dagaa wa ziwani, hadi huko na kujuana na kila nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa jagam wetu, mtu wa kati anayebeba maneno ya posa kutoka kwa wazazi wa huku hadi kwa wazazi wa kule. Babake Adhiambo alikuwa amekwisha fariki. Mama yake aliishi na binti huyo mmoja, na mwenye kauli katika boma alikuwa ndugu mkubwa wa marehemu, Mzee Oloo.

"Tumekubaliana Jumamosi ya tatu kutoka leo," Shangazi aliniambia, akiwa amekaa juu ya gunia lake la omena mbele ya kibanda changu. "Tutaenda watu wanne. Wewe utavaa viatu. Utanyamaza, mimi nitasema. Kabla ya siku hiyo nisisikie umekanyaga huko."

"Na kama nina neno la kumwambia?"

"Iambie hiyo baiskeli. Mnapendana sana."

Kwa wewe ambaye hukukulia kwetu, nikueleze jambo moja, kwa maana bila hilo hutaelewa nilichofanya. Mwanamume wa Kijaluo na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaketi kiti kimoja, hawali sahani moja, na mwanamume hapiti mlangoni kwake ovyo kama mpita njia. Anayekuja kuposa hafiki peke yake, wala hafiki kabla ya siku aliyopewa. Tulilelewa tukiambiwa kwamba anayevunja hayo huletea nyumba yake mkosi hata kabla hajaijenga. Siku moja mama yake Adhiambo alikuja Macalder pamoja na binti yake, na Shangazi alinisukuma nyuma ya rundo la matairi hadi nikagonga goti kwenye rimu.

"Jifiche! Mkweo huyo!"

Nilichungulia kati ya matairi. Nilimwona mwanamke mrefu, mwembamba, anayetembea ameinua kidevu kana kwamba anatazama kitu kilicho mbali. Alipita. Niliamini hakuniona.

Baada ya hapo siku hazikwenda. Nililala vibaya, nikala nimesimama. Ndipo mteja mmoja, mchimba dhahabu aitwaye Okoth, alipokuja kuzibiwa pancha, akaona ninavyogeuka kila mwanamke mwenye ndizi anapopita.

"Yule wa vilimani?" akasema. "Omera, ndugu yangu, chunga. Nasikia kuna mtu wa lori kutoka Musoma anapeleka sukari kwao kila wiki."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema." Akapanda baiskeli yake, akaenda zake akipiga mluzi.

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi sikufanya kazi ya maana. Ijumaa ilikuwa siku ya soko katika senta ya maduka iliyo chini ya kilima cha akina Adhiambo. Nikapanga hivi: sitakwenda nyumbani kwao, hivyo sitavunja kitu. Nitafika sokoni kabla ya saa tano, nitamkuta kwenye ndizi, nitamwuliza swali moja, nitarudi kabla jua halijazama. Nilikadiria kilomita thelathini na tano kwenda, vilima viwili vikubwa, saa nne na nusu pamoja na kupumzika. Hata mvua niliitia kwenye mpango: nilisema itanyesha saa tisa, kama wiki nzima ilivyokuwa ikinyesha.

Ilinyesha saa mbili na robo.

Nilikuwa nimekwisha vuka mpaka, ambao mahali pale ulikuwa jiwe jeupe kando ya njia na mbuzi wawili wamelala kando yake. Lugha ilikuwa ile ile yetu, lakini watoto wa shule waliniamkia "shikamoo" kwa pamoja, mwenye kibanda alikataa shilingi zangu za Kenya, na mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kutoka nje ya nchi, nikajihisi nimefika mbali sana. Kilima cha kwanza nilikipanda nikiendesha, nimeinuka juu ya pedali. Mvua ikanikuta kileleni. Haikuanza kwa matone; iliteremka yote mara moja.

Acha nikuambie kuhusu baiskeli zile, kwa sababu wengi wenu hamjaziendesha. Breki zake zilikuwa za vyuma, na mipira yake ilibana rimu. Rimu ikilowa, mpira unateleza tu. Unabana kwa nguvu zako zote na baiskeli inaendelea kama haijakusikia. Nilijua hilo. Nilikuwa nimewaeleza wateja wangu mara nyingi kwamba kwenye mvua mtu ashuke aikokote. Mimi sikushuka. Niliweka soli ya kiatu juu ya tairi la mbele kupunguza mwendo, nikateremka hivyo hivyo, soli ikinuka mpira, macho yakifumba kwa maji. Chini, udongo mwekundu ulijaa kati ya tairi na bati la kuzuia matope hadi gurudumu likagoma. Nikaukwangua kwa kijiti. Baada ya hatua mia, likagoma tena. Nikakwangua tena. Kila niliposimama nilitazama saa, na kila nilipoitazama nilijiona nimechelewa zaidi, ingawa hakuna aliyekuwa akiningoja.

Katika boma moja kando ya njia wanawake wawili walikuwa wamejikinga chini ya ukingo wa paa.

"Wewe kijana, ingia! Utaota ukungu!"

"Nafika hapo tu, mama."

"Hapo wapi? Hapo pana mvua pia!" Wakacheka. Nikawapungia mkono, nikaendelea. Leo nikikumbuka kicheko kile naona kilikuwa mlango, na ulikuwa wazi.

Nilifika sentani saa sita na dakika kumi. Soko halikuwepo. Palikuwa na meza tupu, maganda ya ndizi yakielea, na duka moja lililo wazi ambapo wanaume watano walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai. Mtu mwenye akili angeketi nao. Mimi sikuuliza hata kama soko lilikuwapo asubuhi. Nilijiambia: nitapanda kidogo, nipite tu kwenye njia iliyo chini ya boma lao, nione kama kuna alama za magurudumu ya lori. Umesikia hapo, mwanangu? Nilikuwa nimetoka kwenye swali moja la heshima nikafika kwenye kutafuta alama za magurudumu kwenye matope, na kila hatua niliiona ndogo.

Njia ilipanda, ikateremka kuelekea kijito. Saa saba kasoro dakika kumi nilikuwa juu ya ukingo, hatua kama hamsini kutoka majini, niliposikia mtu akiita.

Chini, penye kivuko, mwanamke alikuwa amezungusha kamba kiunoni na kuegemeza mguu kwenye kisiki. Mwisho wa pili wa kamba ulikuwa na mtamba mwekundu, mwenye tumbo kubwa, miguu ya nyuma imezama kwenye tope la ukingoni, maji ya kahawia yakimpiga mbavuni. Kila mnyama alipojitikisa, mwanamke alivutwa mbele, kisha akajirudisha.

"Wewe wa baiskeli! Njoo ushike kamba!"

Nilianza kwenda. Hilo nataka ulijue, kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii. Nilikuwa nimekwisha laza baiskeli kwenye nyasi na kushuka hatua nne au tano. Ndipo akainua uso kufuta maji, nikaona kile kidevu.

Nilisimama. Nilijiona kama ambavyo angeniona: suruali imekunjwa hadi magotini, matope hadi kwenye nywele, peke yangu, bila jagam, bila kualikwa, wiki mbili kabla ya siku yangu. Nikajiona nimeshika kamba moja na mama mkwe wangu, bega kwa bega, tunavuta na kuguna pamoja kama watu wa rika moja. Na baadaye atauliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" Ningejibu nini?

Nilijiambia kwamba nageuka kwa heshima. Neno hilo nililitamka kwa sauti, "heshima," mvua ikinipiga mdomoni. Nikavuta nailoni niliyojifunika kichwani hadi ikaficha uso, nikainua baiskeli, nikaigeuza.

"Kijana! Mtoto wangu, njoo!"

Niliikokota kupanda.

Mara ya tatu hakuita kwa maneno. Ilikuwa sauti tu, "Weeee," ndefu, na mtamba akajibu.

Nilipofika upande wa pili wa mwinuko nilipanda baiskeli, nikateremka bila kuweka mguu kwenye tairi. Nilitaka tu kuwa mbali. Breki hazikushika, sikutarajia zishike, na kwenye kona ya mwisho baiskeli ilienda upande wake na mimi upande wangu. Nilichunika mguu kuanzia kwenye goti hadi kwenye kifundo. Nakumbuka niliridhika kuona damu, kana kwamba nimekwisha kulipa.

Saa saba na dakika tano nilikuwa barazani pa duka. Mwenye duka, mtu mnene aliyevaa koti la mvua ndani ya duka lake mwenyewe, alinitazama mguu.

"Pole sana. Njia imekutupa?"

"Imenitupa."

"Umetoka juu? Mto ukoje?"

"Umejaa."

"Kuna mtu huko? Kuna mama mmoja alipita asubuhi kupeleka ng'ombe malishoni ng'ambo."

Wote watano walinitazama. Walikuwa wanaume wazima, wenye mikono, wasio na kazi nyingine kwa sababu ya mvua. Mmoja alikuwa amekwisha weka kikombe chini.

"Sikuona mtu," nikasema.

Akakiinua tena kikombe chake. Wakanipa kigoda, wakanimiminia chai. Niliinywa, mwanangu. Ilikuwa na sukari nyingi na tangawizi, nami niliimaliza.

Nitarudi kwenye kikombe hicho baadaye. Kwa sasa nikuambie tu kwamba nilirudi Macalder jioni, nikaning'iniza baiskeli kwenye msumari wake, na kwa wiki mbili zilizofuata nilikuwa fundi mbaya. Nilifunga minyororo kinyume. Nilimrudishia mtu pampu ya mtu mwingine. Sikuwa na njia ya kujua yaliyotokea pale kivukoni, na ile njia moja niliyokuwa nayo, kumwambia Shangazi ukweli, sikuitumia. Nilitumaini. Nilisema huenda alikuja mtu mwingine mara tu nilipogeuka. Watu hupita pale, nilisema. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo wa kupita.

Jumamosi yetu ilipofika hakukuwa na mvua. Tulikwenda wanne, kama ilivyopangwa: Shangazi Penina, baba yangu mkubwa, rafiki yangu mmoja wa kunisindikiza, na mimi nikiwa nimevaa viatu. Tulipokelewa nyumbani kwa Mzee Oloo. Mama yake Adhiambo hakuonekana, ndivyo desturi. Tuliambiwa yuko jikoni, chumba cha pili, na kati yetu na yeye palikuwa na pazia. Adhiambo aliingia, akatusalimu, akatoka. Alikuwa amekonda.

Chai ikaletwa. Mzee Oloo aliitazama, kisha akatutazama sisi.

"Mtatusamehe, wageni. Leo ni chai ya rangi. Maziwa tuliyatarajia mwezi ujao, lakini yamekwenda na mto."

"Yamekwenda na mto namna gani, mzee?" Shangazi aliuliza.

Basi akaeleza, taratibu, kama mtu aliyekwisha eleza mara nyingi. Shemeji yake alikuwa na mtamba mmoja tu, wa mimba ya kwanza. Mvua ya Ijumaa ile ilimkuta ng'ambo. Mnyama alipozama kivukoni, shemeji alishika kamba. Binti alikuwa amejikinga kwa jirani na hakusikia.

"Alimshika hadi saa nane. Bega likatoka mahali pake. Mtamba akaenda, kamba ikaenda. Yeye tulimkuta pale pale, ameketi kwenye matope. Mpaka leo hawezi kuinua sufuria."

Saa nane. Kutoka saa saba na dakika tano, nilipokuwa dukani, hadi saa nane ni dakika hamsini na tano. Kutoka dukani hadi kivukoni, watu watano wakikimbia, ni dakika kumi na tano. Sikuhitaji karatasi. Hesabu hiyo ilijifanya yenyewe kichwani na haijawahi kunyamaza.

"Na kulikuwa na kijana mwenye baiskeli," Mzee Oloo akaendelea. "Shemeji alimwita mara tatu. Kijana akageuka."

"Akageuka?" Shangazi Penina alipiga kofi gotini. "Kijana mzima? Huyo alizaliwa au aliokotwa? Mimi angekuwa wa kwetu ningemchapa mbele ya watoto wa chekechea!"

Baba mkubwa alitikisa kichwa. Rafiki yangu alitikisa kichwa. Mzee Oloo, kwa ukarimu wa mwenye nyumba ambaye hataki mgeni aachwe nje ya mazungumzo, alinigeukia akatabasamu kidogo.

"Vijana wa siku hizi, au wewe unasemaje?"

Ningeweza kutikisa kichwa kama wengine. Kilikuwa kimekwisha anza kutikisika.

"Ni mimi," nikasema.

Shangazi aliweka kikombe chake chini polepole sana.

Mzee Oloo hakukasirika, na hilo lilinitisha. Alivuta kiti chake mbele kidogo.

"Ulimfahamu ni nani?"

"Ndiyo."

"Kwa nini uligeuka?"

"Ni mkwe wangu. Sikuwa nimealikwa. Niliona ni kukosa heshima, mzee, nimkaribie nikiwa vile."

Aliweka mikono magotini.

"Desturi ilikukataza uso wake. Kamba ilikukataza?"

Nilikitazama kikombe changu.

"Ungeweza kuvuta ukiwa umempa mgongo. Sisi tumefanya hivyo. Mimi nilimbeba mama mkwe wangu kutoka kwenye nyumba iliyoungua, macho nimefumba, nikagonga mlango kwa kichwa." Akagusa paji la uso, pale palipo na kovu. "Haya. Tuseme uliogopa. Ulipoondoka, ulipita wapi?"

"Dukani."

"Kulikuwa na watu?"

"Watano."

"Uliwaambia?"

"Hapana."

"Pale dukani hapakuwa na mkwe. Pale uliogopa desturi gani?"

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, kwa taa ya mafuta na kwa umeme, na sijapata katika hata kimoja jibu la swali lile. Pale dukani niliogopa kuulizwa nimefuata nini kilimani. Basi. Niliogopa kuonekana kijana asiyeweza kungoja wiki mbili.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya juu.

"Mwambieni nilimjua."

Vichwa vyote viligeukia pazia.

"Mwambieni nilimwona Macalder siku ile, nyuma ya matairi, na binti yangu alinionyesha baiskeli yake. Nilipoiona pale juu nilisema, Mungu amenitumia mtu wa kwangu. Ndiyo maana niliita mara tatu. Mtu baki ningemwita mara moja."

"Na hukutuambia ni nani," Mzee Oloo akasema, akilitazama pazia.

"Nilingoja aseme mwenyewe."

Mzee Oloo alikohoa, akasema kwamba amesikia, kwamba kijana amesema mwenyewe na hilo lina uzito wake, na kwamba yeye hatafunga mlango. Uamuzi ni wa binti. Nikaruhusiwa kutoka nje. Adhiambo alikuwa amesimama kando ya zizi tupu, mikono imekunjwa.

"Ulikuja kufanya nini siku ile?" aliniuliza.

"Niliambiwa kuna mtu wa lori."

Alinitazama, na kama si siku kama ile nafikiri angecheka.

"Kama ningekuwa ni mimi pale mtoni, ungeshuka?"

"Ningeshuka mara moja. Hata maji yangekuwa shingoni."

"Naamini," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Kuna mimi, halafu kuna watu."

Akaingia jikoni kwa mama yake. Sikumwona tena siku hiyo.

Shangazi Penina, ambaye hajawahi kunyamaza dakika kumi katika maisha yake, alinyamaza hadi mpakani. Hapo akasimama, akavua viatu vyake kupumzisha miguu.

"Niliuliza jikoni," akasema. "Hakuna mtu wa lori. Hakuna hata lori."

Okoth, nilipomkamata, hakukumbuka kusema neno hilo. Alikuwa akipitisha wakati huku pancha ikikauka.

Mwaka uliofuata nilinunua mtamba. Hakuna aliyenidai, na haikuwa mahari, kwa maana Adhiambo alikuwa amekwisha kuolewa na mwalimu wa huko huko. Nilimpeleka kwa miguu, siku mbili, nikilala kwa watu njiani, na kila aliponialika mtu kuingia niliingia. Mzee Oloo alimpokea mnyama bila hotuba. Kisha mama akatoka nyumbani.

Nilishtuka, nikainamisha kichwa. Halafu nikakumbuka: mimi si mkwe wa mtu pale. Hakuna kilichonikataza tena. Nikainua macho, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni, naye akanitazama, na kile kidevu kilikuwa juu vile vile. Akanipa mkono wa kushoto. Mtu wa heshima zake hakuwa mtu wa kusalimu kwa kushoto. Ila wa kulia ulikuwa haupandi.

Niliushika kwa mikono yangu yote miwili.

Sasa naishi Kisegi. Nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki, mke, watoto, na saa ya ukutani. Mambo yangu si mabaya. Lakini mvua ikianza kabla ya saa nne asubuhi siwezi kukaa. Naenda mlangoni, narudi, naenda tena, na mke wangu ameacha kuuliza. Nawaona nyinyi vijana mkipita na pikipiki, mmeinamisha vichwa, kila mmoja anawahi mahali, nami nataka kuwapungia na kusema: hapo mnapokwenda pana mvua pia.

Hivi ndivyo ninavyokuusia, na ukisahau mengine shika haya. Heshima uliyofundishwa na wazee ni yako, itunze. Lakini ikikwambia ugeuke na kumwacha mtu kwenye maji, jua kwamba anayesema si heshima. Ni woga wako umevaa nguo za wazee. Simama uukague. Na kama umekwisha geuka, kwa sababu utageuka siku moja, sisi sote hugeuka, usiseme basi imekwisha. Kosa langu la kivukoni lilikuwa la kijana aliyeshtuka, na huenda lingesameheka kabla ya jioni. Lile la dukani nililifanya nimeketi, nina kikombe mkononi, nikiwa na watu watano waliotaka tu kusikia neno moja. Baada ya kukosea kuna muda. Wakati mwingine ni dakika hamsini na tano, wakati mwingine ni tano. Sema kwa anayeweza kukimbia, hata kama utaulizwa ulifuata nini huko. Aibu ya kuulizwa utaisahau.

Mungu akupe miguu inayosimama unapoitwa. Akupe ulimi mwepesi siku miguu itakaposhindwa. Na popote mvua itakapokukuta, mwanangu, nchini mwako au nchi ya watu, ikukute karibu na mlango wa mtu mwema, nawe uwe na moyo wa kuingia.